Meno ya ukubwani kwa watoto: yanaota lini, yanafuatana vipi, na lini umpeleke mtoto kwa daktari

Tabibu_Kinywa

Habari zenu wakuu. Maswali ya meno ya watoto yanarudi humu kila mara, na majibu mengi yanataja umri tu: "subiri afike miaka sita." Umri peke yake hautoshi. Ukitaka kujua kama kinywa cha mtoto kinaenda sawa, tazama kwanza mambo mawili: meno yanafuatana vipi, na kama upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Naandika kwa urefu ili mtu akiuliza tena tumuelekeze kwenye uzi huu.

Mtoto ana meno ya utoto 20, kumi juu na kumi chini. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32. Maana yake meno 12 ya ukubwani hayachukui nafasi ya jino lolote, yanaota nyuma kabisa mahali palipokuwa ufizi mtupu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa sababu jino muhimu kuliko yote ni mojawapo ya hayo.

Gego la kwanza la ukubwani linaota kati ya miaka 6 na 7. Yako manne, moja kila pembe ya kinywa, nyuma ya gego la mwisho la utoto. Hakuna jino linalolegea kulipisha wala damu inayotoka, kwa hiyo mtoto hasemi kitu na mzazi haoni kitu. Wengi wanalihesabu kama jino la utoto, wanasema "hilo litang'oka tu," na kufikia miaka 9 limeshatoboka. Halitang'oka. Hilo ndilo atakalotafunia maisha yake yote.

Karibu na wakati huohuo, miaka 6 hadi 7, yanabadilika meno mawili ya mbele ya kati, ya chini. Ya juu ya kati yanafuata miaka 7 hadi 8, sambamba na ya pembeni ya chini. Ya pembeni ya juu ni miaka 8 hadi 9. Baada ya hapo kinywa kinatulia, na mzazi anaweza kudhani mambo yamekwama. Hayajakwama. Chonge za chini zinakuja miaka 9 hadi 10, magego madogo (ndiyo yanayorithi nafasi za magego ya utoto) miaka 10 hadi 12, chonge za juu miaka 11 hadi 12, na gego la pili la ukubwani miaka 11 hadi 13. Magego ya mwisho kabisa ni kuanzia miaka 17 na kuendelea, na wapo watu wasioyapata kamwe.

Wasichana huwatangulia wavulana kwa miezi kadhaa. Kuwahi au kuchelewa kwa mwaka mmoja, mpangilio ukiwa uleule, si ugonjwa.

Mtoto apigwe picha ya eksirei iwapo jino la upande mmoja limeshatoka na la upande wa pili halijaonekana baada ya miezi 6. Vilevile iwapo jino la pembeni la juu limetangulia la kati. Mara nyingi hapo kuna kitu kimelizuia njiani: jino la ziada lililojificha katikati ya taya, au jino la utoto lililowahi kugongwa likakataa kuachia.

---

Mama Nuru

Asante sana kwa uzi, tabibu. Nina maswali mawili. Kwa nini jino la utoto likianguka linakuwa kama kikombe, halina mzizi? Na likilegea, tulivute au tuliache?

---

Tabibu_Kinywa

Dada, mzizi ulikuwepo, tena mrefu. Jino la ukubwani linapopanda, seli maalumu zinautafuna mzizi wa jino la utoto kidogo kidogo kuanzia nchani. Kazi hiyo inachukua miezi mingi, kwa awamu, ndiyo maana jino hulegea, likakaza kidogo, kisha likalegea tena. Likibaki kichwa tu, limeshikwa na nyama ya ufizi peke yake, na hapo linatoka bila shida.

Mwache mtoto alitikise mwenyewe kwa ulimi na kwa kidole kilichooshwa. Likiwa linalala mbele na nyuma bila maumivu, unaweza kulimaliza kwa kitambaa safi: lishike, lizungushe kidogo, livute. Ukisikia linakataa, acha. Mambo ya kulifunga kamba na kuivuta ghafla yanavunja mzizi ambao haujaisha na kuchana ufizi.

Damu itatoka kidogo. Kunja kitambaa safi au pamba ya hospitali, aing'ate dakika 15 mfululizo bila kuchungulia kila dakika, kwa sababu kila ukichungulia unaondoa donge la damu lililoanza kuganda. Asisukutue kwa nguvu siku hiyo. Ikipita nusu saa ya kubana sawasawa na damu bado inachuruzika, mpeleke kituoni.

Kipande kidogo cha mzizi kikibaki kwenye ufizi, usichokonoe kwa sindano. Mara nyingi kitayeyuka au kitasukumwa nje chenyewe. Ukikichimba unaweza kuugusa mche, yaani jino changa la ukubwani linalojengwa chini yake.

---

Nesi_wa_Shule

Naomba kuongeza upande wa pili wa jambo hilo. Jino la utoto likilegea au kung'oka kabla ya miaka 5 bila mtoto kuanguka wala kuoza jino, hiyo si kawaida, hasa likitoka na mzizi wake mzima. Yapo magonjwa ya mifupa, ya kinga na ya fizi yanayoanza kuonekana hivyo. Lihifadhini jino, mlipeleke pamoja na mtoto, daktari autazame mzizi.

---

Baba Pacha

Wakuu, hii ya safu mbili mmeiruka. Mtoto wa miaka 6, meno ya chini ya mbele yameota nyuma ya yale ya utoto, na ya utoto bado yapo. Wengine wanasema yang'olewe leo leo, wengine wanasema subiri. Lipi sahihi?

---

Dkt_Fizi

Hii ni kawaida sana kwa meno ya chini ya mbele, kwa sababu mche wa jino la ukubwani umekaa upande wa ulimi wa mzizi wa jino la utoto. Likipanda wima kidogo kuliko inavyotakiwa, linatokea nyuma bila kuutafuna mzizi wote.

Gusa jino la utoto. Linacheza? Basi subiri, mhimize mtoto alitikise kila siku. Likitoka, ulimi wenyewe unalisukuma lile jipya mbele, kazi ya miezi michache, mradi nafasi ipo. Waya hauhitajiki kwa ajili ya hilo.

Halichezi hata kidogo, na jipya limeshatoka nusu ya kimo chake? Mimi nang'oa. Kulisubiri hakuna faida, na pale katikati ya safu mbili ukoga unajaa, mswaki haufiki.

---

Mpanga_Meno

Daktari, hapa nitatofautiana nawe kidogo. Kwa meno ya chini ya mbele mimi ningempa mtoto miezi miwili au mitatu hata kama jino halichezi, akiwa hana maumivu na anapiga mswaki vizuri. Mengi yanalegea yenyewe ndani ya muda huo, na mtoto wa miaka 6 anaepuka sindano. Kumuanzishia hofu ya daktari wa meno katika umri huo kuna gharama yake baadaye.

Meno ya juu nayatazama tofauti. Jino la juu likitokea nyuma ya lile la utoto, likikutana na meno ya chini mtoto anapouma linafungiwa ndani. Kila akifunga mdomo, meno ya chini yanalizuia lisije mbele, na lenyewe linayagonga ya chini mpaka ufizi wa mbele unaanza kushuka. Hilo lisisubiriwe. Muone daktari ndani ya wiki chache.

---

Dkt_Fizi

Kwa ya juu tuko pamoja kabisa. Kwa ya chini nakubali miezi miwili, nikiwa na uhakika kwamba mtoto atarudi. Asiyerudi ndiye tunayempokea akiwa na miaka 9, jino la utoto lingalipo na la ukubwani limelalia ulimini.

---

Mama Nuru

Turudi kwenye gego la kwanza. Nikifungua mdomo wa mtoto nitalijuaje? Na nikishaliona nifanye nini?

---

Tabibu_Kinywa

Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Meno ya utoto ni matano kila upande: mawili ya mbele, chonge, magego mawili. Ukikuta la sita, hilo ni la ukubwani. Hakuna jino la utoto la sita.

Ili uone vizuri, mlaze mtoto chali, kichwa kwenye mapaja yako, taa ya simu juu. Vuta shavu kwa kidole. Mwanzoni utaona ufizi umevimba kidogo na kupauka nyuma ya gego la mwisho, kisha kona moja au mbili za jino zikichungulia. Nyuma yake ufizi unabaki umelifunika kama kifuniko kwa miezi mingi. Kutoka siku linapochungulia hadi linapofikia kukutana na mwenzake wa juu au chini kunaweza kupita mwaka mzima au zaidi, na muda wote huo liko chini ya kimo cha gego la utoto lililo mbele yake. Mswaki ukipita kwa kawaida, kutoka mbele kwenda nyuma, unasugua gego la utoto na kuruka hili. Halisafishwi, halitafuni, na juu lina mifereji mirefu na myembamba kuliko unyoya wa mswaki. Kuoza kunaanzia hapo.

Namna ya kulisafisha: ingiza mswaki wa kichwa kidogo kutokea pembeni ya mdomo, uuweke kukingama, usugue kuelekea shavuni na kurudi, jino moja kwa wakati. Mdomo uwe nusu wazi tu. Ukimwambia apanue sana, shavu linakaza na mswaki haupiti.

Dawa ya meno iwe na floridi. Soma nyuma ya tyubu panapoandikwa ppm. Isipungue 1000, na kwa aliyefikisha miaka 6 inayofaa ni kati ya 1350 na 1500. Chini ya miaka 3 paka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ateme povu, asisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kwenye meno. Na mzazi ashike mswaki mwenyewe au asimamie mpaka miaka 7 au 8. Mkono wa mtoto wa miaka 6 haujaweza bado kufika huko nyuma, hata awe na bidii vipi.

---

Dkt_Fizi

Na kuziba mifereji. Gego likishatoka kiasi kwamba uso wake wote unaonekana na linaweza kukaushwa, daktari analisafisha, anapaka asidi kwa sekunde chache, anasuuza, anakausha, anamwaga resini nyembamba kwenye mifereji na kuigandisha kwa taa. Hakuna sindano wala kutoboa.

Kinachoharibu kazi hii ni mate. Tone moja likigusa uso uliopakwa asidi, resini haishiki. Itabanduka kipande, na chini ya ile iliyobaki kuoza kutaendelea bila kuonekana. Kwa hiyo mtoto asiyetulia, au gego ambalo bado nusu yake iko chini ya ufizi, tunatumia kwanza saruji ya meno yenye floridi. Inavumilia unyevu lakini haidumu sana, na baadaye tunaweka resini. Uzibaji ukaguliwe kila miezi 6 hadi 12. Wazazi wanaoambiwa "limezibwa" wanadhani kazi imekwisha, kumbe kipande kilishabanduka.

Ukishamaliza magego ya kwanza, kumbuka kwamba ya pili yanakuja miaka 11 hadi 13 yakiwa na shida zilezile, na kwa umri huo mzazi haangalii tena mdomo wa mtoto.

---

Nesi_wa_Shule

Kwa wale wanaouliza kuhusu maumivu: gego likitoka, kile kifuniko cha ufizi kinaweza kung'atwa au kushika mabaki ya chakula, kikavimba na kuuma. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, asukutue mara tatu kwa siku na mswaki laini uendelee. Hutulia kwa siku chache. Uvimbe ukitoka nje ya shavu, mdomo ukawa haufunguki vizuri, au homa ikaja, huo ni uambukizo. Aende kituoni siku hiyo.

Wakati mwingine unaona kivimbe cha rangi ya samawati au zambarau juu ya sehemu jino linapotaka kutokea. Ni maji au damu kidogo iliyokusanyika kati ya jino na ufizi. Usikitoboe. Jino likipenya kinapasuka na kuisha.

Na tafadhali sana, homa ya nyuzi 38 na zaidi, kuharisha, degedege: msiseme "ni meno." Jino linaloota linaleta usumbufu kidogo kwenye ufizi, basi. Mtoto mwenye homa apimwe. Watoto wanacheleweshewa matibabu kwa ajili ya neno hilo.

---

Baba Pacha

Nimeelewa. Swali la mwanya sasa: meno ya mbele ya juu yameota yameachana, yanatazama nje kama yanakimbiana. Nimeona mtandaoni wanasema ufunge mpira mdogo, yanakutana baada ya siku chache.

---

Mpanga_Meno

Mkuu, usifunge mpira. Naomba hili lisomwe na kila anayepita humu.

Jino ni jembamba kadiri linavyoenda kwenye mzizi. Mpira ukivishwa kwenye meno mawili unateleza kwenda juu, unazama chini ya ufizi na kutoweka. Mtoto anadhani umedondoka. Unaendelea kupanda kuelekea nchani mwa mzizi huku ukikata nyuzi na mfupa vinavyoshikilia meno. Baada ya muda ufizi unavimba, unatoa usaha, meno yanalegea na kurefuka. Kwenye eksirei mpira wenyewe mara nyingi hauonekani, kwa hiyo hata daktari anaweza asijue chanzo asipoambiwa. Meno mawili mazima ya mbele yanapotea kwa sababu ya mwanya ambao ungejifunga.

Na wengi hujifunga. Kati ya miaka 7 na 11 chonge za juu ziko juu ndani ya taya, zimebana mizizi ya meno ya pembeni, kwa hiyo vichwa vya meno ya mbele vinatawanyika nje. Chonge zikishuka, miaka 11 au 12, zinayasukuma pamoja. Mwanya wa hadi milimita 2 kwa kawaida unaisha wenyewe. Ukizidi hapo, hasa kuanzia milimita 3, apigwe picha kuona kama kuna jino la ziada katikati. Kukata ule uzi wa nyama unaoshikanisha mdomo wa juu na ufizi kusubiri mpaka chonge zitoke. Ukikatwa mapema unaacha kovu linaloweza kuzuia meno kukutana.

---

Mama Nuru

Chonge za juu umezitaja mara mbili. Je, mzazi anaweza kujua kama ziko njiani sawasawa?

---

Mpanga_Meno

Anaweza, na ni jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mtoto akifika miaka 9 au 10, osha mikono, weka ncha ya kidole cha shahada juu ya ufizi wa nje, juu kabisa ya mzizi wa chonge ya utoto, pale shavu linapokutana na ufizi. Pitisha taratibu mbele na nyuma. Chonge iliyo njiani unaisikia kama kinundu kigumu cha mviringo chini ya ngozi ya ufizi. Kagua upande wa pili, linganisha.

Kinundu kikiwepo pande zote mbili, tulia. Kikiwepo upande mmoja tu, au mtoto ametimiza miaka 10 na nusu na huoni chochote, apigwe picha. Chonge za juu zina safari ndefu kuliko meno mengine, na baadhi zinapotea njia, zinalala upande wa kaakaa. Zikigunduliwa mapema, kabla ya miaka 13, mara nyingi kuing'oa tu chonge ya utoto kunatosha kuifungulia ile ya ukubwani njia. Zikigunduliwa miaka 15, mtoto anahitaji upasuaji wa kuifunua na waya wa kuivuta kwa mwaka au zaidi. Mbaya kuliko hapo, chonge iliyopotea inaweza kuutafuna mzizi wa jino la pembeni kimyakimya, bila maumivu.

---

Fundi_Taa

Magego ya utoto yakioza, kuna haja ya kuyatibu? Si yatang'oka hata hivyo?

---

Dkt_Fizi

Yatang'oka miaka 10 hadi 12, ndugu. Mtoto wa miaka 5 mwenye gego lililotoboka ana miaka mingine mitano au zaidi ya kulitumia.

Gego la pili la utoto ndilo linalolinda mlango wa gego la kwanza la ukubwani. Likitolewa kabla ya wakati, gego la ukubwani linasogea mbele na kuinama kwenye pengo. Milimita chache zikipotea, gego dogo linalotakiwa kuota hapo halina pa kupita: linabaki limekwama ndani au linatokea upande wa ulimi. Kasi ya kusogea ni kubwa zaidi miezi 6 ya kwanza, na taya ya juu hupoteza nafasi upesi kuliko ya chini. Kwa hiyo daktari akisema aling'oe, muulize palepale kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi. Ni pete ya chuma inayovishwa gego la jirani na kitanzi cha waya kinachokingama pengo. Kinakaguliwa mara kwa mara, kinatolewa jino jipya likichomoza. Kisipotolewa kwa wakati kinakuwa kizuizi chenyewe.

Na usaha kwenye mizizi ya gego la utoto uko jirani kabisa na mche wa jino la ukubwani linalojengwa chini yake. Ukikaa muda mrefu, jino hilo linaweza kutoka na baka la kahawia au shimo kwenye enameli, lile ganda gumu la nje ya jino.

---

Baba Pacha

Hapo kwenye mabaka. Meno mapya yanaonekana ya njano ukilinganisha na yale ya utoto, na ncha zake zina vijino vijino kama msumeno. Ni uchafu?

---

Tabibu_Kinywa

Hapana. Jino la utoto ni jeupe sana, la ukubwani lina kiini kinene chenye unjano unaoonekana kupitia enameli. Yakiwa kando kwa kando tofauti inaonekana kubwa, yakishabadilika yote haionekani tena. Usimpake mtoto dawa za kung'arisha. Vijino vya msumeno ni vitatu kwa kawaida, na vinasagika vyenyewe jino likianza kukutana na la pili.

Kinachotakiwa kukusumbua ni baka lenye mpaka wake: jeupe kama chokaa, la njano au kahawia, kwenye gego la kwanza na wakati mwingine meno ya mbele pia, na mtoto analalamika jino linauma akinywa maji baridi au akipigwa mswaki. Enameli ya hapo haikukomaa. Gego la kwanza linaanza kujengwa mtoto anapozaliwa, na kichwa chake kinakamilika karibu miaka 3. Gego la namna hiyo linamomonyoka upesi likianza kutafuna. Mpeleke mapema: floridi ya kupaka, kulifunika, au kofia ya chuma likiwa limeharibika sana.

Mabaka yaliyosambaa kwa ulinganifu, meno ya kushoto na kulia yakifanana, mara nyingi ni ya floridi iliyozidi kwenye maji ya kunywa wakati meno yanajengwa, au dawa ya meno iliyokuwa inamezwa. Na antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini zinaacha rangi ya kudumu kwenye meno yanayojengwa, ndiyo maana hukwepwa kwa walio chini ya miaka 8. Ukimnunulia mtoto dawa bila kuandikiwa, hilo ni mojawapo ya mambo unayoyahatarisha.

---

Nesi_wa_Shule

Kabla uzi haujaenda mbali, tuweke na la ajali, maana meno ya mbele ya juu yanaota miaka 7 hadi 8 na huo ndio umri wa kukimbia na kuanguka.

Jino la ukubwani likitoka zima: lishike kwenye kichwa, usiguse mzizi. Lina uchafu? Lisuuze kwa maziwa, au maji baridi kwa sekunde 10 tu, bila kusugua. Lirudishe kwenye tundu lake, uso wa mbele ukitazama mbele, mtoto ang'ate kitambaa, mwende kwa daktari. Huwezi kulirudisha? Litie kwenye maziwa. Hakuna maziwa, mtoto ateme mate kwenye kikombe ulitie humo. Usilikaushe kwa kitambaa, usiliache ndani ya maji. Zile nyuzi hai zilizoshikilia mzizi zinakufa jino likikaa kavu, na likipita saa moja uwezekano wa kupona sawasawa unashuka sana.

Jino la utoto lililotoka kwa ajali halirudishwi kamwe, kwa sababu unaweza kuuponda mche wa la ukubwani. Likiwa limezama ndani ya ufizi, msilivute, apigwe picha.

---

Fundi_Taa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Jino limeng'oka, pengo limekaa miezi minne, hakuna kitu. Na kwenye kadi ya kliniki wameandika "46 kuziba, 75 kutazama." Sijui maana yake.

---

Tabibu_Kinywa

Kama jino liling'oka lenyewe kwa wakati wake, miezi minne bado ni kawaida. Bonyeza ufizi kwa kidole: ukiwa umejaa, mgumu na unapauka, jino liko karibu. Ikifika miezi 6, au mwenzake wa upande wa pili ameshatoka muda mrefu, piga picha. Baadhi ya watoto hawana mche kabisa wa jino fulani. Yanayokosekana mara nyingi ni gego dogo la pili la chini na jino la pembeni la juu. Ikiwa hivyo, jino la utoto lililo juu yake hutunzwa badala ya kung'olewa.

Tarakimu za kadi zisome mbili mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa: meno ya ukubwani ni 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kwa meno ya utoto robo zilezile zinaitwa 5, 6, 7 na 8. Tarakimu ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo 46 ni lile gego la kwanza la ukubwani, chini upande wa kulia wa mtoto, wanataka kuliziba mifereji. 75 ni gego la pili la utoto, chini kushoto, lina kitu wanachokifuatilia. Ukirudi kliniki, waombe wakuoneshe kwa kioo ni baka gani wanalolitazama, ili na wewe ulikague nyumbani kila wiki.